Hoja ya Nne ya Muongo wa Kiwanda

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Afisa Elimu wetu, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule na wajumbe wako, Mwalimu Mkuu, ambaye kabla ya kuwa mkuu wangu alikuwa mwanafunzi wangu, na ambaye daftari lake la historia la kidato cha pili bado ninalo nyumbani kwa usalama wetu sote wawili, walimu wenzangu, wazazi na walezi, mama mmoja aliyeketi mstari wa mbele kwenye kiti chenye mto, ambaye nitamfikia, na ninyi wanafunzi mliosimama huko nyuma kwa kuwa viti vimewaishia: habari za mchana huu.

Nimeambiwa nina dakika ishirini. Mwalimu wa zamu amekaa pale na saa yake mkononi, ananitazama kama nilivyokuwa nikimtazama yeye alipochelewa kipindi cha kwanza. Usiwe na wasiwasi, kijana wangu. Mtu aliyeishi kwa kengele miaka thelathini na tatu, mpaka leo anapostaafu, hawezi kupitiliza.

Najua mnaniita Chaki Mbili. Mlidhani sijui? Moja ya kuandikia, moja ya kurushia. Naomba iingie kwenye kumbukumbu za shule kwamba ile ya kurushia ilimpata mtu mara moja tu, naye leo ni mjumbe wa Bodi, na kama mnavyomwona hakudhurika sana.

Waliotangulia kuzungumza wamenisifu kwa matokeo ya mitihani, nami nimesikia na nimeshukuru. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji, kwa hiyo acheni nilimimine langu mbele yenu mapema, mlione lilivyokuwa. Somo ambalo kila mzungumzaji hapa amelitaja, somo lililonipa jina katika shule hii, nililifundisha vibaya kwa miaka thelathini na moja. Nililifundisha vizuri miaka miwili ya mwisho, na hata hiyo ilitokana na kosa la sikio.

Kwa wageni wetu ambao hawakubahatika kukaa darasani kwangu, niwaeleze somo lenyewe. Katika vitabu vyetu kuna sura moja inayoitwa Muongo wa Kiwanda. Ni miaka kumi, miaka sitini hivi iliyopita, ambamo mji huu uligeuka kama chapati kwenye kikaango. Mwanzoni mwa miaka ile hapakuwa na barabara ya lami, wala bomba la maji, wala taa hata moja ya barabarani. Kisha kiwanda cha nguo kikajengwa kule bondeni, na miaka kumi baadaye mtu aliyeondoka akarudi alikuwa akiuliza njia ya kwenda kwao. Watu waliokuwa wakiagana kwa kutazama jua, "tukutane likifika hapa," wakaanza kusema saa moja na nusu kamili. Binti ambaye shangazi zake wote waliolewa kabla hawajavunja ungo vizuri akawa anatoka nyumbani alfajiri na kitambulisho kifuani, na baba yake anamfungulia mlango. Nauliza, wazee mliopo hapa, mliwezaje? Sisi leo tukibadilishiwa ratiba ya vipindi tunaugua wiki nzima!

Mimi nililifundisha hilo kwa hoja kumi. Niliziandika ubaoni kwa mwandiko wangu mzuri, nanyi mkazinakili, mkazikariri, mkazitapika kwenye mtihani, mkafaulu. Hoja ya kwanza, barabara. Ya pili, umeme. Ya tatu, king'ora na nidhamu ya saa. Na hoja ya nne, sikilizeni, maana ndiyo iliyonileta kwenye kipaza sauti hiki, hoja ya nne ilisema: "Kiwanda kiliajiri wanawake mia mbili na kumi waliosoma." Mwanafunzi aliyesahau neno "waliosoma" nilimkata alama. Hakuna aliyenibembeleza akafanikiwa. Neno lile kwangu lilikuwa ndilo roho ya hoja, kwa sababu kiwanda kilitaka cheti cha darasa la saba, na asiye na cheti hakuvuka geti.

Sasa mwaka juzi, katika kidato cha pili, alikuwepo binti tunayemwita Kasuku. Ameketi pale pembeni ya bibi yake, anaficha uso, lakini jina hilo hakulipata kwa ubaya. Alilipata kwa sababu ukimtuma neno hulifikisha lilivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Ijumaa moja nikawaambia darasa zima, kwa mdomo, kengele ikiwa imeshalia na wao wameshafunga mikoba: "Nendeni nyumbani mkawaulize wakubwa wenu habari za muongo wa kiwanda. Walikuwepo, wanajua."

Mwalimu wa Kiswahili anatabasamu. Ameshaona shimo lilipo.

Kasuku akafika nyumbani. Bibi yake alikuwa jikoni anachambua mchele. Kasuku akasema, kama alivyotumwa: "Bibi, mwalimu wa historia amesema unieleze habari za mwongo wa kiwanda." Maana sikioni, ndugu zangu, muongo na mwongo ni mapacha. Miaka kumi na mtu asemaye uongo, huwezi kuwatofautisha mpaka uwaone wameandikwa. Hata kile kiunganishi hakikusaidii: muongo wa, mwongo wa.

Bibi akaweka ungo chini. Akauliza, "Amesema nani?" Mtoto akajibu, "Mwalimu. Amesema wewe ulikuwepo, unajua." Bibi akainuka. Akazima jiko, mchele ukiwa bado haujaoshwa, akaingia chumbani akafunga mlango, na Jumamosi na Jumapili akatoka kwa maji tu na kwenda haja.

Jumatatu, saa moja na robo, nilimkuta amesimama mlangoni pa ofisi ya walimu. Amevaa nguo zake nzuri, amebana mfuko wa plastiki kwapani. Mimi nikajua ni mzazi amekuja kulalamikia alama, nikajiandaa. Nikasema, "Karibu mama, nikusaidie nini?"

Akasema, "Mimi ndiye."

"Wewe ndiye nani, mama?"

"Mwongo wa kiwanda. Uliyemtuma mtoto aniulize." Kisha akaniangalia usoni, macho makavu kabisa, akasema, "Nataka kujua kitu kimoja tu, mwalimu. Nani amekwambia?"

Nilimvutia kiti. Nikachukua karatasi, nikaandika neno la kwanza na la pili, nikamwonyesha ile herufi. Nikasema, mama, nilikusudia miaka kumi, hakuna aliyeniambia lolote, hakuna anayejua lolote. Aliitazama ile karatasi muda mrefu sana. Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yalipotoka hayakuwa tena ya kicheko, akawa anasema, "Miaka sitini nimebana mdomo! Wakaguzi walishindwa, wasimamizi walishindwa, mume wangu alikufa hajui. Leo nimekuja kuangushwa na herufi moja!"

Ningeweza kumsindikiza mpaka getini na kumwambia siri yake iko salama. Alikuwa na nafasi ya kuurudisha mfuko wake kwapani akaenda zake. Lakini akaufungua. Ndani kulikuwa na cheti cha darasa la saba, kimekunjwa mara nne, kimechakaa kwenye mikunjo mpaka unaona mwanga. Akakiweka juu ya meza yangu, akasema, "Hiki ni cha dada."

Haya ninayowaambia sasa ameniruhusu kuyasema, na nimemsomea hotuba hii mara mbili, na sehemu alizosema "hapana" nimezitoa.

Walizaliwa mabinti wawili. Dada alikwenda shule, mdogo akabaki kusaidia nyumbani, maana sare ilikuwa moja. Dada alimaliza darasa la saba, akawa wa kwanza katika ukoo mzima, na kiwanda kilipotangaza kuajiri wasichana, jina lake likawa la tano kwenye orodha. Wiki tatu kabla ya kuanza kazi akashikwa na homa. Hakumaliza siku nne.

Matanga yalipokwisha, mama yao akafungua sanduku, akatoa cheti, akampa mdogo mtu. Akamwambia, "Mmoja amekwenda. Wa pili asikae bure." Ndivyo alivyosema. Kisha akamwambia neno lingine, na hili mama huyu alinieleza akiangalia dirishani: "Kuanzia leo na mimi nitakuita hivyo, hata humu ndani, usije ukasahau ukaitika vibaya." Na tangu siku ile mpaka anaingia kaburini, mama yule hakumwita tena mwanawe kwa jina alilompa mwenyewe. Walihamia kwenye nyumba za wafanyakazi ambako hakuna aliyewajua. Binti alisimama getini asubuhi ya kwanza, msimamizi akafungua daftari, akaliita jina la marehemu, na yeye akajibu: "Nipo."

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, najua ofisi yako inashughulika na vyeti. Nakuomba kwa dakika hizi chache zilizobaki uwe mgeni tu, urasmi tutaurudia kwenye chai.

Alikuwa hajui hata irabu. Wiki ya kwanza msimamizi alimpa tangazo awasomee wenzake wa zamu, akasema macho yanamuuma. Wiki ya pili yakamuuma tena. Alijua hayawezi kumuuma mpaka kustaafu. Basi akaanza kujifunza kwenye vile vikaratasi vilivyoshonwa kwenye majora ya nguo. Kila jora lilikuwa na kikaratasi: rangi, urefu, namba ya mashine. Rangi aliiona kwa macho, kwa hiyo alijua neno lile linasema nyeupe au bluu, akawa anazifukuzia herufi mpaka kwenye maneno mengine. Neno la kwanza maishani mwake kulisoma mwenyewe, bila kuambiwa, lilikuwa "urefu". Baada ya miezi minane alisimama mbele ya wanawake wa zamu nzima akasoma tangazo la likizo kuanzia juu mpaka chini. Baada ya miaka sita alikuwa mkuu wa zamu. Wenzake walisema anasoma kwa madaha, dada yule, kwa kweli alikwenda shule.

Mimi nilimsikiliza siku ile, kengele ya kipindi cha kwanza ikalia, ya pili ikalia, sikuinuka. Nilishikwa na kitu ambacho sina jina jingine la kukiita isipokuwa mshangao. Miaka thelathini na moja nilikuwa nimesimama mbele ya muongo ule kama mtu anayesimama mbele ya nyumba ya watu na kuhesabu madirisha, nisibishe hodi hata siku moja. Na kila niliyemkata alama kwa kusahau neno "waliosoma", nilimkata mbele ya mjukuu wa nani? Sijui. Naombeni radhi, nyote. Alama siwezi kuzirudisha.

Aliponyanyuka kuondoka alisimama mbele ya ubao wa ofisini, ambako nilikuwa nimeandika zile hoja kumi kwa ajili ya marudio. Akazisoma, kidole kikifuata mstari. Alipofika ya nne akageuka akaniambia, "Hapa rekebisha, mwalimu. Waliosoma walikuwa mia mbili na tisa."

Nilirekebisha. Mnaweza kwenda kuangalia, bado ipo, kwa chaki.

Kuanzia hapo nilibadilisha somo. Kila mwaka nimewatuma wanafunzi nyumbani kwa mdomo, kwa makusudi, na kwa neno lile lile. Wazazi mliodhani mwalimu amezeeka hajui matamshi, sasa mmejua. Na yaliyorudi darasani, jamani! Mwanafunzi mmoja babu yake alikuwa tarishi wa miaka ile, akiwasomea barua watu wasiojua kusoma. Mtoto alipouliza habari za mwongo, mzee akaeleza kwamba kuna mama wa kijijini alipata barua kuwa mwanawe ameumia mashineni, naye tarishi akamsomea kwamba kijana ni mzima na anasalimia, kisha usiku huohuo akapanda lori kwenda kumtazama yule kijana hospitalini, ili uongo wake upate miguu. Alikaa naye mpaka akapona. Kitabu kinasema juu ya muongo ule: "Huduma za posta ziliboreshwa."

Mwalimu kijana utakayechukua darasa langu, uko wapi? Simama wakuone. Hoja zangu kumi usizifute, zitakusaidia kwenye mitihani. Lakini ukiwatuma watoto nyumbani, usiwaandikie swali. Ukiliandika litakuwa sahihi, na hakuna atakayefungua mfuko wake wa plastiki.

Sasa nije kwa mama yetu wa kiti chenye mto, maana nimemweka muda mrefu.

Mwaka jana alikubali kuja darasani. Aliwaeleza wanafunzi kama alivyonieleza mimi, amekaa kwenye kiti changu, mikono magotini. Kisha mmoja wenu akanyoosha mkono akauliza, kwa adabu kabisa, "Bibi, sasa tukuite nani?"

Akafungua mdomo kujibu. Halikutoka. Jina lake mwenyewe! Alijaribu tena, akatikisa kichwa, akasema, "Mtanisamehe, wajukuu. Limekaa sana."

Wiki ile nilikwenda naye ofisi ya usajili. Alisema hataki kuzikwa kwa jina la dada, kwa sababu dada amelala kule kwao miaka sitini bila jina juu ya kaburi, na jina haliwezi kuandikwa pale wakati mtu mwingine anatembea nalo mjini. Alitaka kumrudishia. Karani alitusikiliza vizuri, kijana mwenye heshima. Akasema jambo lenyewe linawezekana, lakini fomu inataka mashahidi wawili, watu wazima wasio ndugu, wanaomjua kwa jina lile la kwanza. Mama akamjibu, "Mwanangu, wanaonijua kwa jina hilo wote wako makaburini. Niwalete vipi?"

Tukarudi nyumbani. Mimi nilidhani mambo yameishia pale. Lakini mwezi uliopita, aliposikia nastaafu, alikuja kwangu amefuatana na Kasuku. Akasema amekuwa akifanya mazoezi. Kila asubuhi, kabla watu hawajaamka, anakaa kitandani analisema polepole, kwanza kwa midomo tu, halafu kwa sauti. Akasema sasa linatoka. Nikamwambia twende kwa karani. Akasema, "Hapana. Sikuliacha ofisini. Nililiacha getini, watu wamepanga mstari, wote wanasikia. Nataka nilichukue hivyohivyo."

Basi nikarudi kwa karani peke yangu, nikamuuliza swali moja la kihistoria: hiyo fomu inauliza mashahidi wamelijua jina tangu lini? Akaisoma mbele, akaisoma nyuma. Akasema, "Mwalimu, haiulizi." Yuko hapa leo, mstari wa tatu, na fomu iko ndani ya koti lake. Anahitaji mashahidi wawili. Kwa hesabu ya viti vya bwalo la chakula tulivyoazima, humu ndani mko mia tatu na arobaini, bila ya waliosimama.

Nawashukuru kwa zawadi zenu, kwa kabati lile zuri na kwa maneno mazuri zaidi ya kabati. Nawashukuru wanafunzi wangu wa miaka yote, mlionivumilia nikiwa najua kila kitu, na hasa ninyi wa mwisho mlionikuta nimeanza kujifunza. Nakushukuru wewe Kasuku kwa kulifikisha neno lilivyo. Zawadi moja tu nimeiomba kwa Mwalimu Mkuu mwenyewe, naye amenipa: daftari langu la mahudhurio la mwaka huu. Lina mstari mmoja mtupu, chini kabisa.

Mama, karibu. Kasuku, mshike mkono, kuna kingazi hapo. Kipaza sauti hiki ukikaribia sana kinapiga mluzi, kaa nacho kama hivi. Mimi silijui jina lako, na humu ndani hakuna alijuaye. Ukishalisema nitaliandika kwenye mstari ule, kisha nitaliita mara moja, kama ninavyoliita la kila mtoto wangu asubuhi, na wewe unajua cha kujibu.

Asanteni sana kwa kunisikiliza mimi. Sasa nyamazeni, mumsikilize yeye.